Nguvu kwa Nguvu: Askari Mbele ya Sanduku la Kura

Hebu tuanze na hesabu ndogo ya shule ya msingi. Chukua 686, toa 639. Zinabaki 47. Hizo ndizo kura zilizowatenganisha Benjamin Mkapa na Luteni Kanali mstaafu Jakaya Kikwete mwezi Julai 1995 kule Dodoma, Mkutano Mkuu wa CCM ulipokuwa unatafuta mtu wa kupeperusha bendera ya chama baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kumaliza vipindi vyake viwili. Waliopiga kura walizidi 1,300. Sasa ndugu msomaji, fanya hesabu ya pili. Watu 24 tu kati ya wale waliompa Mkapa wangebadili mawazo dakika ya mwisho, Kikwete angepata 663 na Mkapa 662, na historia ya nchi hii ingeshika njia nyingine. Watu ishirini na nne! Coaster moja ya Mombo–Lushoto inawabeba wote na nafasi ya kuku inabaki.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu vijiweni kwetu tunapenda sana kumsimulia mshindi. Mshindi ana picha ukutani, ana barabara yenye jina lake. Lakini kwa mtu anayeota kuandika riwaya, kama mimi, mtu wa kumtazama ni yule wa 639. Ana miaka 44. Amewahi kuvaa magwanda ya jeshi, amefundishwa namna ya kupigana. Raundi ya kwanza aliongoza yeye. Halafu anaambiwa amekosa, chupuchupu. Ukumbi unapiga makofi. Anafanya nini na wale 639 waliosimama nyuma yake?

Huku kwetu milimani swali hilo si geni. Liliwahi kuulizwa Vugha, na jibu lake likatoka na moshi.

Kwa asiyepajua: Vugha ipo juu ya milima ya Usambara, si mbali na Soni, na kwa miaka mingi ilikuwa mji mkuu wa Wakilindi, ukoo wa watawala uliotokana na Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu. Mazinde ipo chini, kwenye tambarare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Ukisimama ukingoni mwa mlima siku isiyo na ukungu, unaiona tambarare yote imelala mbele yako kama mkeka. Kati ya juu na chini hapo ndipo habari yetu ilipo. Mtawala wa juu alikuwa na mvua, yaani dawa za mvua na heshima ya Simba Mwene. Mtawala wa chini alikuwa na njia ya misafara kutoka Pangani, na misafara ilileta bunduki.

Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara karibu nusu karne, mpaka alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 akarudi tena 1852. Richard Burton alipanda Vugha mwaka 1857 akamkuta ni mzee sana. Wilaya nyingi za ufalme zilikuwa mikononi mwa wanawe, na mwana humtii baba. Ujanja wa utawala wote ulikuwa hapo. Lakini mrithi aliyetarajiwa, Mnkande, alitangulia kufa kabla ya baba yake, na kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu.

Fikiria hali ya kijana huyo. Anakaa Vugha, amevikwa ukubwa wote, lakini kila akigeuza macho upande huu au ule anaona baba wadogo. Watu wazima, wenye watu wao, walioshika nchi tangu yeye akiwa anachezea udongo. Hana watoto wakubwa wa kuwaweka mahali pao. Mwana humtii baba, sawa, lakini je, ami naye humtii mtoto wa kaka yake?

Mmoja wa baba wadogo hao alikuwa Semboja wa Mazinde. Huyu alikuwa mtu wa vita na biashara, mwenye kupenda mambo ya pwani, mwenye marafiki kila upande: alijua kuzungumza na wenye misafara, na alijua kuwaita wapiganaji wa nje ya milima, Wamaasai wakiwemo. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipanda juu na jeshi. Vugha ikatekwa, ikachomwa moto. Shekulwavu alikimbilia upande wa Bonde, na huko ndiko alikofia muda si mrefu.

Sasa hapa pana jambo ambalo mimi hulirudia rudia kichwani. Semboja alishinda, lakini hakukaa Vugha! Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha juu, yeye mwenyewe akarudi zake Mazinde kwenye njia ya bunduki na pembe. Aliyempindua mfalme hakutaka kuwa mfalme kwa namna ile ya zamani, maana alikwisha kuona kwamba nguvu imehama, haipo tena kwenye kilima cha mvua. Mtunga riwaya gani angeweza kubuni mwisho wa namna hiyo? Angeambiwa anadanganya.

Na nchi? Nchi ilivunjika. Wabondei waliinuka wakawafukuza na kuwaua Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Fujo hiyo inakumbukwa kwa jina la Kiva. Upande wa Shekulwavu haukukubali, ukaendelea kupigana miaka na miaka. Kila mwenye bunduki akawa zumbe wa mahali pake. Watu walikamatwa wakapelekwa Pangani kuuzwa, wengine na watawala wao wenyewe. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka uleule Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa aliyekuwa akitawala Vugha, wakamweka Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu. Kwa hiyo ugomvi wa baba mdogo na mtoto wa kaka yake ulimalizwa na mgeni mwenye kamba. Ulichukua zaidi ya miaka ishirini na mitano, na hakuna hata siku moja watu walipohesabiwa nani anamtaka nani.

Habari hizi zimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeishi katika enzi hizo karibu na watawala wenyewe, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Kijana mwenzangu unayetaka kuandika, kitafute. Tunalia kila siku kwamba historia yetu imeandikwa na wazungu tu, kumbe kitabu kipo, kwa lugha yetu.

Mmarekani mmoja, Steven Feierman, aliyekaa Usambara miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee, naye aliandika walivyomweleza mambo ya utawala. Wazee walikuwa na maneno mawili. Kuzifya shi, kuitengeneza nchi, kuiponya. Na kubana shi, kuiharibu. Nchi hupona pakiwa na mmoja mwenye nguvu asiye na mpinzani. Mvua hunyesha, migomba hustawi. Nchi huharibika pakiwa na nguvu kwa nguvu, yaani wakubwa wawili wanaolingana, kila mmoja akimvuta mwenzake. Mvua hugoma, njaa huingia. Usiwacheke wazee. Waliyaona kwa macho yao. Wakulima wakikimbia mashamba kwa kuogopa kukamatwa, njaa itakosaje kuja?

Lakini angalia wanachosema. Kwao hatari kubwa kabisa ni pale wawili wanapolingana. Mmoja akimzidi mwenzake mbali, mambo hutulia. Ni usawa unaoua. Sasa rudisha macho kwenye ile 686 na 639, uone tulivyo watu wa ajabu sisi wa siku hizi. Tumechukua kile ambacho wazee walikiogopa kuliko vyote, tukakifanya ndiyo namna ya kumpata mtawala.

Hatukukifanya kwa siku moja, na askari walikuwemo tangu mwanzo.

Bandari ya misafara ya Semboja ilikuwa Pangani. Pangani hiyohiyo, mwaka 1889, Hermann von Wissmann alileta askari wa kukodi kupigana na Abushiri, na wengine walitoka mbali, Msumbiji huko, watu wa asili ya Kizulu. Mmoja wao aliitwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, Kleist Sykes, alikuwa askari upande wa Wajerumani katika vita ya kwanza, kisha mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association pale Dar es Salaam na katibu wake. Mjukuu ni Abdulwahid Sykes, aliyezaliwa 1924, naye akapigana vita ya pili katika King's African Rifles, batalioni ya sita, akafika Burma. Vizazi vitatu vya bunduki, kila kizazi kikimpigania mzungu wake!

Vita ya pili iliwachukua Watanganyika zaidi ya 80,000. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid, anaeleza kwamba vita ilipokwisha, askari kadhaa wa Tanganyika wakiwa kambini Kalieni huko India, kabla ya kupanda meli ya kurudi, walizungumza kwamba wakifika nyumbani wataanzisha chama cha siasa. Walikuwa wamemwona mzungu akilia, akiogopa, akifa. Baada ya hapo mtu anarudije kuwa boi?

Abdulwahid alirudi, na pamoja na vijana wenzake wakauingia uongozi wa TAA, chama kilichotokana na ile African Association ya baba yake. Mwaka 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi alikuwa rais na Abdulwahid katibu. Wazee waliokuwa wamekalia viti wakaachia. Kyaruzi alipohamishwa na serikali kutoka Dar es Salaam, Abdulwahid ndiye aliyebaki akikiongoza chama, huku akifanya kazi ya umasta wa soko pale Kariakoo.

Mwaka 1952 mwalimu mmoja alirudi kutoka Edinburgh akaanza kufundisha Pugu. Jina lake unalijua.

Basi Aprili 1953, kwenye ukumbi wa Arnautoglu, TAA ilifanya uchaguzi wa rais wake. Upande mmoja askari wa Burma, mwenye kiti, mwenye nyumba ambayo kila mwanasiasa aliyepita Dar alikula wali wake, mtoto wa mwasisi. Upande wa pili mwalimu wa shule, mgeni wa mji, mtu wa Musoma, hana hata ukoo Kariakoo. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Julius Nyerere alishinda kwa kura chache tu. Abdulwahid akawa makamu wake.

Hapa mambo ni kinyume cha Dodoma na kinyume cha Mazinde, kwa kuwa askari ndiye aliyekuwa amekaa na raia ndiye aliyekuja kumtoa. Nimeambiwa na wengine, tena kwa ukali, kwamba ule haukuwa uchaguzi wa kweli, kwamba mambo yalikuwa yamekwisha pangwa. Ni kweli kwamba kabla ya siku hiyo Abdulwahid alisafiri hadi Nansio, Ukerewe, kuonana na Hamza Mwapachu, mtu wa Tanga, rafiki yake mkubwa katika siasa, na habari ya mwalimu huyu mpya ilikuwa katika mazungumzo yao. Inawezekana alikwenda ukumbini akijua atashindwa. Inawezekana hata alitaka. Lakini kama alikuwa amekwisha amua kumwachia mwenzake, kwa nini kura zikaribiane vile? Mikono mingi ilinyooshwa kwa ajili yake mchana ule. Kila mkono una mtu wake, na mtu yule alikwenda nyumbani hakuridhika. Walikuwa watu wake, wa mtaa wake, wamezoea kumfuata. Angeweza kutoka nao mlangoni akafungua chama chake upande wa pili wa barabara. Tanganyika ingekuwa na wakubwa wawili wanaolingana, mmoja ana Kariakoo na mwingine ana wasomi, na gavana angekaa pale kati akicheka.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU. Kadi namba moja ilikuwa ya Nyerere, ya pili ya Ally Sykes, ya tatu ya Abdulwahid, ya nne ya Dossa Aziz. Angalia hapo. Yule aliyeondolewa kwenye kiti cha rais mwaka mmoja tu kabla, amesimama wa tatu kwenye foleni ya mtu aliyemshinda. Abdulwahid alifariki mwaka 1968, na kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimpita kama basi linavyompita mtu asiye na nauli. Mimi nadhani jambo hilo ni aibu kwetu, na Mohamed Said amefanya vizuri kulipigia kelele.

Uhuru ulipokuja, swali la askari na siasa lilirudi kwa njia mbaya. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, Dar es Salaam, na wenzao wa Kalewa, Tabora, wakafuata. (Angalia majina hayo: Colito ni vita ya Ethiopia, Kalewa ni ya Burma. Kambi zilibeba kumbukumbu za vita za mfalme wa Uingereza mpaka ndani ya uhuru.) Uasi ulizimwa na makomandoo wa Kiingereza, fedheha tupu kwa nchi changa, na jeshi lile likavunjwa. Lililoanzishwa badala yake Septemba mwaka uleule, JWTZ, lilijengwa kwa fikra nyingine: askari awe mwanachama wa TANU, asomeshwe siasa, ajue bunduki ni ya nani. Wazungu walishtuka. Kwao askari mzuri ni asiye na siasa. Nyerere aliona kwamba askari asiye na siasa ndiye aliyeasi Colito.

Kutokana na mpango huo likatokea kabila jipya la viongozi, askari ambao ni makada. Mtu anapita Monduli, anafundishwa gwaride na Azimio la Arusha kwa pamoja, kesho anapelekwa mkoani kuwa katibu wa chama, keshokutwa anarudishwa kikosini. Kikwete ni zao la hapo. Alitoka Chuo Kikuu, akaingia kazi ya chama, akapita Monduli, baadaye akawa mkufunzi wa siasa hukohuko. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi sheria ilimtaka askari achague, abaki na magwanda au abaki na kadi. Yeye alivua magwanda akiwa Luteni Kanali. Miaka mitatu baadaye ndiyo ile siku ya Dodoma.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya watu watatu: Kikwete 534, Mkapa 459, na Cleopa Msuya 336. Msuya, marehemu sasa, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, na kwetu ni jirani kabisa, mtu wa Mwanga, Upareni, ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Alipotoka yeye, kura zake ndizo zilizoamua kila kitu. Kikwete aliongeza 105. Mkapa aliongeza 227. Rahisi namna hiyo. Watu wa Waziri Mkuu walipogawanyika, zaidi ya theluthi mbili walikwenda kwa mtu wa Mzee.

Maana Mzee alikuwepo. Nyerere, aliyekuwa amekwisha ng'atuka, hakuficha kwamba alimtaka Mkapa, na uzito wake ndani ya CCM ulikuwa bado uzito wa jiwe la kusagia. Kwa hiyo ukiniuliza nani alikuwa amekalia kiti siku ile, sitakujibu Mwinyi, aliyekuwa anaaga. Nitakujibu Nyerere. Kijana wa Msoga alikuwa anapambana na mtu ambaye hakuwa hata kwenye karatasi ya kura, mtu yuleyule aliyenyooshewa mikono Arnautoglu miaka 42 kabla.

Vijana wengi waliondoka na uchungu. Walisema Mzee ameweka kidole kwenye mzani, na mimi sioni ubaya wa kulisema hilo. Kidole kilikuwepo. Tena mwaka ule mlango wa kutokea ulikuwa wazi: Augustino Mrema alikwisha kutoka CCM na NCCR-Mageuzi ilikuwa inajaza viwanja. Mtu mwenye kura 639 za wajumbe angepokelewa huko kwa matarumbeta. Kikwete hakutoka. Mkapa aliposhinda urais alimpa Wizara ya Mambo ya Nje, akakaa nayo miaka kumi. Miaka kumi ya kubeba mkoba wa mtu aliyekushinda kwa kura 47! Mei 2005 alirudi mbele ya Mkutano Mkuu akapata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Safari hiyo hapakuwa na raundi ya pili.

Usinielewe vibaya. Sisemi alikaa kwa utakatifu. Inawezekana alikaa kwa hesabu, kama mchezaji wa bao anayeacha kete zikusanyike. Semboja naye alijua hesabu. Tofauti ninayoiona mimi ni ya mahali pa kupelekea hesabu hiyo. Semboja hakuwa na mlango mwingine wowote zaidi ya kupanda mlima na moto. Hakuna aliyemwambia, subiri miaka kumi, tutakutana tena hapahapa, tutahesabu upya. Mtu akiamini kwamba watu watahesabiwa tena, na kwamba watahesabiwa kwa haki kiasi cha kutosha, anaweza kula uchungu wake kimyakimya. Akiacha kuamini, zile 47 zinakuwa baruti.

Hata ndani ya chama kimoja watu waliwahi kulijua hilo. Uchaguzi wa 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja jembe na mwingine nyumba, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, akaanguka Mwanza. Hapakuchomwa kitu.

Nirudi kwetu, maana mlima haujaacha kutoa askari. Jimbo la Mlalo liliwakilishwa kwa miaka mingi, mpaka 2015, na Brigedia Jenerali mstaafu Hassan Ngwilizi, aliyekuwa pia waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa wakati wa Mkapa. Luteni mstaafu Yusuf Makamba, mtu wa milima hii, alikuwa Katibu Mkuu wa CCM mpaka 2011. Na mwaka 2010, mwaka ambao CCM iliwaruhusu wanachama wake wote wa jimboni kupiga kura za maoni badala ya wajumbe wachache, mtoto wa Luteni huyo, January Makamba, alijitosa Bumbuli kupambana na mbunge aliyekuwepo, mkongwe William Shellukindo. Wanachama walipanga foleni kwenye matawi, kadi mkononi, kina mama wametoka kuchuma maharage, wazee wamejifunga makoti kwa baridi ya Julai na Agosti ile unayoijua kama umewahi kulala Bumbuli. Kijana akashinda, mzee akatoka.

Vugha imo ndani ya jimbo hilo. Kilima kilekile cha Shekulwavu. Safari hii aliyekuwa juu aliondolewa na foleni, na jioni watu wakarudi nyumbani kupika bada.

January Makamba aliwakilisha Bumbuli miaka kumi na mitano. Mwaka 2025 aliomba tena, na jina lake halikurudi kutoka vikao vya juu vya chama. Wanachama wa Vugha hawakupata nafasi ya kumhesabu, si kwa kumtaka wala kwa kumkataa.